Seva ya nyumbani yenye Ubuntu 18.04: ubadilishe mfumo au uuache?

Chini ya meza ya TV sebuleni kwetu kuna kompyuta ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini, yenye diski mbili za TB 2. Imekuwa ikiwaka tangu 2018. Ndani yake kuna picha za harusi za ndugu zangu wanne, kaseti za marehemu babu nilizozigeuza kuwa faili za sauti, vyeti vilivyoskaniwa na filamu za watoto. Mfumo wake ulikuwa Ubuntu 18.04, aina mojawapo ya Linux, uliotoka Aprili 2018 na ambao muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa uliisha Mei 31, 2023. Siku hiyo ilipofika, hakuna kilichozimika. Kesho yake watoto walitazama filamu zao kama kawaida. Ndiyo maana nilichelewa sana kuamua, na najua wengi wenye seva kama yangu wako hapo hapo.

Huduma ikiisha, tundu jipya la usalama likigunduliwa hakuna tena anayekutengenezea kiraka. Mwaka 2017 tuliona hilo linavyoumiza. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilienea mwezi Mei kupitia SMB toleo la kwanza, njia ya kugawana mafaili iliyojaa maofisini na majumbani, ingawa kiraka cha Windows zilizokuwa bado zinahudumiwa kilikuwa kimetoka Machi. Mwezi huohuo wa Mei likatangazwa tundu zito kwenye Samba, programu ambayo seva nyingi za Linux hutumia kugawana mafaili. Tundu hilo lilikuwapo tangu toleo 3.5.0 la mwaka 2010. Miaka saba limekaa humo, na siku lilipotangazwa waliopona ni wale waliokuwa na mfumo unaopokea viraka.

Mfumo wa zamani huchakaa hata bila mshambuliaji. Septemba 30, 2021 cheti cha mzizi (kinachovithibitishia vifaa kuwa tovuti ni halali) kilichokuwa kinategemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kukataa kufungua kurasa zilizokuwa zinafunguka jana yake. Waliobaki na CentOS 7, aina nyingine ya Linux, baada ya Juni 30, 2024 walikuta hata amri ya kusakinisha programu inagoma, kwa sababu anwani ya kutafutia vifurushi ilikuwa imeondolewa.

Mwongozo huu unatumia Ubuntu 18.04 kama mfano kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo. Ukiwa na Debian 10, ambayo huduma yake ndefu ya bure iliisha Juni 30, 2024, au Windows 10 iliyofikia mwisho Oktoba 14, 2025, tarehe zitabadilika lakini hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika kilichomo

Chukua daftari la karatasi. Usiandike ndani ya seva yenyewe, maana siku utakapoyahitaji maelezo haya huenda seva haiwaki. Ingia, kisha nakili majibu ya amri hizi:

`cat /etc/os-release` hukupa jina na toleo la mfumo.
`uname -m` ikijibu `x86_64`, una mfumo wa biti 64. Ikijibu `i686`, soma hatua ya 4 kwa makini.
`lsblk -f` huonyesha diski zote, aina ya mfumo wa mafaili na UUID (namba ya utambulisho) ya kila moja.
`sudo ss -tulpn` huorodhesha kila programu inayosikiliza kwenye mtandao.
`apt-mark showmanual` hutoa orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa kwa makusudi.
`crontab -l` na `sudo crontab -l` huonyesha kazi zinazojiendesha kwa ratiba.
`id` ikifuatwa na jina la mtumiaji huonyesha namba yake; iendeshe kwa kila mtumiaji.

Amri ya `ss` ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu zaidi. Mstari wenye `127.0.0.1` unamaanisha programu inaongea na seva yenyewe tu. Wenye `0.0.0.0` au `[::]` unamaanisha inamsikiliza yeyote anayeweza kuifikia mashine. Kwenye yangu nilikuta hifadhidata niliyoiweka 2019 kwa majaribio, nikaisahau, na ilikuwa inasikiliza kila upande. Niliizima dakika ileile.

Ukimaliza na kompyuta, waulize watu wa nyumbani. Wao wanajua matumizi ambayo hakuna amri itakuonyesha. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha kwamba skana ya kwenye printa hutuma vyeti moja kwa moja kwenye folda ya seva. Ningelisahau hilo, na lingekuja kunisumbua baadaye, kama utakavyoona.

Hatua ya 2: Jua nani anaweza kuifikia

Mtu anayeuliza kama mfumo wake wa zamani ni hatari, mimi humuuliza kwanza: mlango uko wazi kwa nani?

Fungua ukurasa wa ruta na utazame mambo mawili. La kwanza ni orodha ya poti (milango ya mtandao yenye namba) zilizoelekezwa kwenye seva. La pili ni UPnP, kipengele kinachoruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza. Kizime. Halafu tazama anwani ya IP ambayo ruta imepewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, wewe na wateja wengine wengi mko nyuma ya anwani moja ya pamoja, na mtu wa nje hawezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye seva yako. Ruta nyingi zenye laini ya simu ziko hivyo. Usisahau IPv6, mfumo mpya wa anwani, maana mtoa huduma anaweza kukuwekea anwani hiyo ya pamoja kwenye IPv4, mfumo wa zamani, huku IPv6 ikiwa na anwani ya wazi.

Ukikuta poti imeelekezwa kutoka intaneti hadi kwenye mfumo usiohudumiwa, usisubiri uamuzi wa kubadilisha au kutobadilisha. Ifunge leo. Kama unahitaji kuingia ukiwa safarini, tumia mtandao binafsi wa WireGuard au Tailscale; wa pili hufanya kazi vizuri hata nyuma ya anwani ya pamoja.

Kuwa nyuma ya ruta hakumalizi hatari. Wageni wanaomba nenosiri la Wi-Fi, watoto wanasakinisha michezo isiyojulikana ilikotoka, laptopu ya kazini inarudi na lolote ililoliokota huko. WannaCry ilienea ndani ya mitandao kwa namna hiyohiyo: mashine moja ikishaambukizwa, inawatafuta jirani zake.

Hatua ya 3: Jaribu kurejesha nakala rudufu

Hapa ndipo uamuzi wote unapolalia. Ukiwa na nakala rudufu uliyowahi kuirejesha, kubadilisha mfumo ni kazi ya Jumamosi moja. Usipokuwa nayo, kubadilisha si salama, na kuacha pia si salama, kwa kuwa diski inaweza kufa yenyewe bila kugusa kitu.

Nilikuwa na nakala. Kila usiku `rsync` ilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, na nilikuwa nalala usingizi. Siku nilipojaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, picha zote zilifunguka, lakini hifadhidata ya albamu haikuwaka. Nilikuwa nanakili mafaili yake huku inaandika, hivyo kila nakala ilikuwa imekatika katikati. Majina ya watu niliyoyaandika kwenye picha kwa miaka miwili, akina bibi na wajomba ambao wengine hawapo tena kuulizwa, yalikuwa salama kwenye seva peke yake. Kama ningeanza kwa kufuta, yangepotea.

Kwa hiyo fanya hivi. Hifadhidata itoe kwa chombo chake. Kwa MySQL au MariaDB:

`mysqldump --single-transaction --databases jina > jina.sql`

Taja hifadhidata zako kwa majina. Usitumie chaguo la kutoa zote kwa pamoja, kwa sababu Ubuntu 18.04 ilikuja na MySQL 5.7 na matoleo ya 20.04 hadi 24.04 yana 8.0; ukipakia majedwali ya ndani ya toleo la zamani juu ya jipya, utavuruga watumiaji na ruhusa.

Mafaili ya kawaida yanakili kwa `rsync -aAXH`, ili ruhusa na umiliki vibaki. Diski ya kupokea iwe na mfumo wa mafaili wa Linux kama ext4. ExFAT haihifadhi umiliki. Nakili pia folda ya `/etc` yote. Ni ndogo, na ndimo ilimo mipangilio yako ya miaka yote.

Kisha jaribu. Chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, chagua mafaili ishirini kutoka folda tofauti, yafungue moja baada ya lingine. Linganisha machache kwa `sha256sum`, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, pande zote mbili. Pakia ile `jina.sql` kwenye hifadhidata tupu uone inaingia. Ukimaliza, chomoa diski na uiweke mbali na seva. Nakala iliyochomekwa muda wote hufungwa na kirusi pamoja na seva, na umeme ukirudi kwa kishindo huziunguza zote mbili.

Hatua ya 4: Pima mashine yenyewe

Mfumo mpya kwenye diski inayokufa ni kazi bure. Sakinisha `smartmontools`, kisha `sudo smartctl -a /dev/sda` kwa kila diski. Tazama mistari mitatu: `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Power_On_Hours`. Miwili ya kwanza inatakiwa iwe sifuri. Ikiwa na namba inayopanda wiki hadi wiki, nunua diski kwanza, mengine baadaye. Wa tatu ni saa ilizowaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, basi ukikuta 50,000 ujue ni karibu miaka sita ya kuzunguka bila kupumzika.

Kama `uname -m` ilikupa `i686`, endesha `lscpu` utazame mstari wa `CPU op-mode(s)`. Ukitaja biti 64, prosesa ina uwezo, ila mfumo ndio uliwekwa wa biti 32. Utasakinisha upya bila shida. Ukitaja biti 32 peke yake, milango imefungwa: Ubuntu haitoi tena mfumo wa mashine hizo, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina kisakinishi chake. Debian 12 bado inakubali, na huduma yake ndefu inaenda hadi Juni 2028, lakini kwa mashine ya umri huo ningeweka fedha kwenye kompyuta nyingine ya mtumba.

Fikiria na umeme. Mashine inayokula wati 40 usiku na mchana humaliza takribani yuniti 350 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayolipa. Kompyuta ndogo ya kisasa ya wati 10 ingetumia yuniti 88 hivi, na kwa miaka mitatu tofauti hiyo inaweza kulipia sehemu nzuri ya bei yake. Pia UPS yako itaibeba muda mrefu zaidi umeme unapokatika.

Hatua ya 5: Chagua njia

Kununua muda. Hii watu wengi hawaijui. Ubuntu 18.04 bado inaweza kupokea viraka vya usalama hadi Aprili 2028 kwa mpango wa Ubuntu Pro, ambao ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano. Unafungua akaunti, unapewa tokeni (msimbo wa kujiunga), unaandika `sudo pro attach` ukifuatisha tokeni hiyo. Baadaye `pro security-status` itakuonyesha vifurushi vipi vimefunikwa. Soma jibu lake hadi mwisho: programu ulizopakua mwenyewe kwenye tovuti, zilizotoka kwenye hazina za watu wengine, na zilizo ndani ya kontena za Docker (vifurushi vinavyoendesha programu zikiwa zimetengwa na mfumo) hazimo. Kama seva yako inagawana mafaili tu kwa Samba, Pro inakutosha kabisa, na sioni sababu ya kuhangaika mwaka huu. Kama inaendesha Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kugawana mafaili kupitia kivinjari) na PHP 7.2 ya wakati ule, lugha inayoiendesha, umechelewesha tatizo tu, maana matoleo mapya ya Nextcloud hayakubali PHP hiyo.

Kuifungia. Kuna seva ambazo ni haki kuziacha. Mfano ni mashine inayoendesha programu ya zamani isiyokuwa na mrithi, au chombo cha kusomea kadi fulani ambacho dereva wake (programu ya kukiendesha) haijasasishwa. Basi ikatie intaneti kabisa kwenye ruta, ruhusu kompyuta moja au mbili tu kuifikia, na usiweke humo kitu cha pekee. Ukitumia `ufw`, ukuta wa moto wa Ubuntu, kuifungia, kumbuka kwamba poti zinazofunguliwa na Docker hupita pembeni ya `ufw`. Unaweza kuona ukuta umesimama, kumbe mlango uko nyuma.

Kupanda ngazi. Amri ya `do-release-upgrade` hukupeleka toleo moja la huduma ndefu kwa wakati: 18.04 hadi 20.04, kisha 22.04, kisha 24.04. Ngazi tatu, kila moja ikipakua vifurushi vingi na kukuuliza maswali juu ya mipangilio. Kwa bando la kulipia ni gharama, na umeme ukikatika katikati ya ngazi unabaki na mfumo nusu huku nusu kule. Siipendekezi kutoka mbali hivi.

Kusakinisha upya. Ndiyo niliyoichagua, kwa namna moja: kwenye diski nyingine. SSD ndogo ya GB 120 inatosha kabisa kwa mfumo. Diski ya zamani haiguswi. Ukikwama, unazima, unarudisha nyaya, na kabla chai haijapoa nyumba nzima ina seva yake ileile.

Hatua ya 6: Sakinisha kwenye diski mpya

Pakua mahali penye intaneti ya uhakika. Faili la Ubuntu Server 24.04, ambayo huduma yake ya kawaida inafika 2029, ni karibu GB 3. Kisakinishi kidogo cha Debian kiko chini ya GB 1. Linganisha `sha256sum` na ile iliyo kwenye tovuti yao, kisha liandike kwenye flashi.

Zima mashine. Chomoa nyaya za diski za data, zote, kwa mkono. Usitegemee macho yako kwenye orodha ya kisakinishi saa nne usiku, kati ya `sda`, `sdb` na `sdc`. Diski isiyochomekwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Ondoa pia diski ya mfumo wa zamani, weka SSD mahali pake, usakinishe.

Mfumo mpya ukiwaka, sasisha kila kitu, halafu tengeneza watumiaji kwa namba zilezile za zamani. Amri `id` kwenye mfumo wa zamani hukuonyesha namba hizo, ndiyo maana ulitakiwa uwe umeziandika. Linux huandika mwenye faili kwa namba, hivyo kama mkeo alikuwa 1001 na sasa ni 1002, mafaili yake yataonekana ni ya mwingine.

Zima, rudisha diski za data, washa. Ziandike kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo mfumo huunganisha unapowaka, kwa UUID, na uongeze neno `nofail`, ili siku diski moja ikigoma seva iwake hata hivyo. Diski za RAID ya `mdadm` (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) kwa kawaida hujitambulisha zenyewe. Hakiki kwa `cat /proc/mdstat`. Kama unatumia ZFS, aina nyingine ya mfumo wa mafaili, ingiza hazina yako ya diski lakini usiendeshe `zpool upgrade` kwa sasa. Ukishaipandisha, mfumo wa zamani unaweza kushindwa kuisoma, na njia ya kurudi imekatika.

Samba ina nywila zake tofauti na za mfumo, kwa hiyo zitengeneze upya kwa `smbpasswd -a`. Na hapa ndipo ile skana ya mke wangu ilipoibuka. Kuanzia Samba 4.11 ya mwaka 2019, SMB toleo la kwanza limezimwa, na skana, TV na redio za zamani zinazojua toleo hilo tu hazitaiona folda. Utasoma ushauri wa kulirudisha kwa mstari mmoja kwenye `smb.conf`. Usifanye hivyo, ndiyo njia ileile iliyopitisha WannaCry. Angalia kama kifaa kinaweza kutuma kwa FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili) au barua pepe. Skana yetu iliweza FTP, nikaifungulia folda moja tu, isiyo na kitu kingine, inayofikiwa na anwani ya printa peke yake.

Nextcloud nayo hairuki matoleo makuu. Ukitoka la zamani sana, panda moja moja hadi la sasa, ukichukua nakala kila ngazi. Tenga siku nzima kwa hiyo peke yake.

Hatua ya 7: Kabla ya kuachilia diski ya zamani

Rudi kwenye daftari la hatua ya 1. Pitia kila mstari wa `ss`, kila kazi ya ratiba, kila jibu la watu wa nyumbani, uweke tiki panapofanya kazi. Hakikisha `unattended-upgrades` imewashwa ili viraka vijiweke vyenyewe. Rudisha kazi ya kunakili ya usiku, safari hii ikianza na `mysqldump`, na ujaribu kurejesha kutoka kwenye nakala yake ya kwanza.

Diski ya zamani bandika karatasi yenye jina la mfumo, tarehe uliyoitoa na tarehe ya miezi mitatu mbele, kisha iweke kabatini. Miezi mitatu inatosha kwa mtu kukumbuka folda aliyoiona mara ya mwisho mwaka jana. Yetu ilichomekwa mara moja, wiki ya sita, kumtafutia binti yangu ufunguo wa programu uliokuwa kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji wake.